Filta Haina Mama

Mashine ilikohoa, ikakohoa tena, ikazima. Ilichagua pabaya kuliko pote: pale Ruvuma inapomwaga maji yake ya udongo baharini, na mawimbi yanagongana bila mpangilio. Boti ikageuka ubavu.

Rajabu alivuta kamba. Akavuta tena. Abiria walinyamaza wote kwa pamoja, na ukimya wa abiria ni mbaya kuliko kelele zao.

"Rajabu, nini tena?" aliuliza sista Magreth, muuguzi wa zahanati. Alikuwa amekaa katikati ya boti, amevaa jaketi la kuokolea, na kisanduku cha chanjo amekipakata kama mtoto mgonjwa.

"Dakika moja, sista."

"Wiki iliyopita ulisema dakika moja, nikachomwa na jua mpaka saa nane."

Rajabu alifungua kifuniko cha mashine, akalegeza skrubu ya chini ya kabureta, akakinga mafuta kwa kiganja. Petroli iliyochanganywa oili ilikuwa na rangi ya kijani hafifu. Ndani yake vilibingirika vitone vyeupe, vya duara, kama shanga. Aliukunja mkono haraka, akaufuta kwenye kaptura. Hakumwonyesha mtu, lakini haikusaidia kitu. Boti nzima ilijua anakonunua mafuta.

"Mashine yako imegombana na mkweo," alisema mama mmoja aliyekalia gunia lake la mchele. "Wapatanishe, baba, tufike."

Watu wakacheka. Rajabu naye akacheka, kwa sababu asingecheka ingeonekana imemchoma. Alipuliza kabureta, akabana skrubu, akapampu kile kipira cha mafuta mpaka kikawa kigumu, akavuta kamba. Mashine ikawaka huku boti imeshasukumwa karibu na fungu la mchanga.

Waliporudi Msimbati mchana, sista Magreth aliteremka na viatu mkononi, akangoja abiria wengine waondoke.

"Mimi nimezaliwa milimani, Rajabu. Siogelei. Kule ng'ambo kuna watoto wananisubiri kila Alhamisi, na mimi nakusubiri wewe. Ikizima tena Alhamisi ijayo, napanda boti ya Kassimu, na sitarudi kwako. Sina ugomvi na wewe."

"Haitazima, sista."

"Usiniahidi mimi. Iambie mashine."

*

Rajabu hakuwa mtu wa Msimbati. Kwao ni Mpapura, kwenye mikorosho. Alikuja kuoa na kukaa ukweni, kama wanaume wengi wa huku wanavyofanya, na nyumba yake ya vyumba viwili ilisimama kwenye kiwanja cha mama wa mkewe, Bi Mwajuma, mjane anayeuza petroli kwa dumu. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na uwanja uliofagiliwa, na Rajabu hakuuvuka. Mwanamume hasemi na mama mkwe uso kwa uso. Akikutana naye njiani yeye huacha njia, na mama mkwe hujitanda kanga usoni na kugeukia pembeni. Salamu, chakula, fedha, malalamiko, vyote hupitia kwa mke. Dumu la petroli nalo lilipitia kwa Hawa: alikwenda na dumu tupu, akarudi na lililojaa.

"Mwambie mama yako mafuta yana maji," alisema Rajabu. Alikuwa hajavua hata shati lililolowa.

"Nilishamwambia."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Na baada ya Idi nikamwambia tena."

"Akasemaje?"

"Akasema atashughulikia."

"Anashughulikia kwa kuongeza?"

Hawa aliendelea kuchambua mchele. Ni kweli alikuwa amemwambia, ila neno "maji" halikumtoka. Ukimwambia muuza petroli kwamba mafuta yake yana maji, umemwita mwizi, hakuna maana nyingine. Na huyu alikuwa mama yake, aliyemlea na kumsomesha kwa madumu hayohayo. Kwa hiyo Hawa alivuka uwanja akasema, "Mama, Rajabu anasema mafuta yana uchafu kidogo." Uchafu haumtuhumu mtu. Uchafu huja na upepo.

"Anachakachua, Hawa."

"Usimwite mama yangu hivyo."

"Sijamwita. Nimetaja anachofanya."

"Basi kanunue kwingine!"

"Niishi kwenye kiwanja chake nikanunue mafuta kwa jirani yake? Watu watasema nini?"

"Sasa hivi wanasema nini?"

Rajabu alivua shati, akalikamua mlangoni. Alipoanza tena kusema, sauti ilikuwa imeshuka, na hilo lilimtisha Hawa kuliko makelele.

"Nikikosa safari ya zahanati, na abiria wengine watamfuata nesi kwa Kassimu. Nitakaa hapa nikifanya nini? Kusubiri sahani kutoka kwa mama yako? Mimi nina kwetu Mpapura. Mikorosho ya baba haina mtu wa kuipalilia. Nafungua mashine, nauza boti, naondoka. Ukitaka kunifuata, nifuate."

Hawa alimtazama binti yao, Nasra, aliyelala kwenye mkeka mdomo wazi. Rajabu akiondoka, mtoto atabaki upande wa mama, hakuna atakayebishana juu ya hilo. Na Rajabu alilijua hilo vizuri, lakini bado alikuwa amelitamka neno Mpapura.

"Kuna filta," alisema Rajabu. "Si kile kichujio kidogo. Filta ya kutenganisha maji na mafuta. Inafungwa nyuma ya boti, mafuta yanapita humo kabla ya kufika kwenye mashine. Nenda mjini kesho, mimi nina tangi na mipira ya kusafisha. Nunua ile yenye kikombe cha kuonea chini yake. Mama yako simwambii kitu tena, wala wewe usimwambie. Filta haina mama. Haitamwonea mtu haya."

*

Duka la spea lilikuwa mtaa mmoja nyuma ya stendi ya Mtwara, na mwenye duka, Fredi, alikuwa na tabia ya kuwauliza wateja maswali kama daktari.

"Mashine ya nguvu za farasi ngapi, dada?"

"Kumi na tano."

"Ya kuchanganya oili au ya kisasa?"

"Ya kuchanganya."

"Na kinachowasumbua ni maji au uchafu?"

"Uchafu," alijibu Hawa. Neno lilijitokeza lenyewe. Lilikuwa limeshazoea njia.

Fredi alichomoa kichujio cha plastiki, kidogo kuliko kidole gumba. "Basi chukua hiki, elfu tano tu. Kinakaa kwenye mpira, karatasi iko ndani. Mchanga haupiti, kutu haipiti."

"Na maji?"

"Maji yatapita kama mgeni rasmi. Yatapigiwa na makofi."

Hawa hakucheka. Alikigeuza kichujio kile, akakirudisha mezani.

"Dada," alisema Fredi, "ni maji au si maji? Usinifiche. Mimi si mume wako."

"Ni maji," alisema Hawa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulitamka, na alilitamka kwa mtu asiyemjua, dukani, huku akitazama mlangoni kana kwamba mama yake angeweza kuingia.

"Sasa tunaongea." Fredi alishusha makopo matatu, akayapanga juu ya kaunta. La kwanza alilisukuma kando hapohapo. "Hili usiliguse. Ni la lori, la dizeli. Tatizo nati yake inaingia vizuri tu, kwa hiyo watu wanaona rahisi wananunua, halafu wanarudi hapa kunitukana. Yako ni moja kati ya haya mawili. Zote za petroli, zote zinazuia maji. Tazama."

Moja lilikuwa kopo la chuma, jeupe, limezibwa pande zote. La pili lilikuwa kama hilo, ila chini yake pamefungwa kikombe kinachoonyesha ndani, kina bomba dogo la kufungulia.

"Maji mazito, yanazama. Petroli inaelea. Asubuhi kabla hujaondoka unatazama kikombe, unaona mstari: chini cheupe, juu rangi ya oili. Unafungua bomba, maji yanatoka, unafunga, unakwenda zako. Na ukibadilisha muuzaji wa mafuta, unaona tofauti siku hiyohiyo." Fredi akacheka. "Kikombe hiki kimevunja urafiki mwingi hapa Mtwara. Mtu anabeba anakwenda nacho kwa muuzaji: bwana, haya nini?"

Hawa alikishika kikombe. Kilikuwa chepesi, safi. Aliiona boti imevutwa ufukweni, na watu wamechutama nyuma yake. Wavulana wanaoneshana kwa kidole. Yule mama wa gunia la mchele ameinama na macho yake makubwa. Hayo chini ndiyo ya Bi Mwajuma, wanasema. Mama ana kidole kizima cha maji.

"Na hii ya chuma, inafanya kazi?"

"Inafanya kazi ileile. Ila haina macho. Mumeo atabidi aifungue kila baada ya safari chache aimwage. Ikijaa na yeye hajui, maji yanapita juu kwa juu na mashine inayanywa."

"Hatasahau."

"Ya kikombe imezidi bei kidogo tu, dada. Nikupunguzie?"

"Nipe ya chuma."

Fredi alimtazama, akataka kuuliza, akaacha. Alimpa na kipande cha juu cha kufungia, na pete mbili za kubana mipira. "Mwambie mshale huu uelekee kwenye mashine. Watu wanafunga kinyume."

Jioni Rajabu alipofungua mfuko, uso ulimshuka. "Nimesema ya kikombe."

"Imekwisha," alisema Hawa. "Amesema hii inafanya kazi ileile. Uimwage tu mara kwa mara."

*

Ilifanya kazi. Jumamosi asubuhi mashine ilivuka bila kukohoa hata mara moja, mchana ikavuka na magunia ya saruji. Jumapili Rajabu aliifungua filta, akamwaga, akakuta maji kidogo tu chini. Alirudi nyumbani akiimba, akamnyanyua Nasra, akamwambia mkewe kwamba ile ya kikombe ilikuwa ni urembo wa watu wa mjini.

Hawa hakutulia. Hiyo filta alikuwa ameinunua kwa uongo, na kila Rajabu alipoisifu alihisi kama anasukumwa mgongoni. Aliwaza: maji yakipungua kulekule yanakotoka, kopo la chuma litatosha, na hakuna atakayejua lolote. Jumatatu asubuhi alivuka uwanja. Bi Mwajuma alikuwa akipanga madumu matupu tayari kwa gari la kwenda mjini.

"Mama, shikamoo. Samahani. Ni kuhusu yale mafuta. Rajabu anaomba yawe safi zaidi. Bado yana uchafu."

Bi Mwajuma alijinyoosha taratibu, mkono kiunoni. "Uchafu?"

"Kidogo tu, mama," alisema Hawa, na aibu ikamfanya asingoje jibu. Alisema amemwacha mtoto peke yake, akaondoka.

Bi Mwajuma alibaki amesimama. Hakuwa mwizi, na hakuwa mchafu. Sufuria zake watu waliziona zinang'aa kutoka barabarani. Tangu aanze biashara hii hakuwahi kupeleka dumu kituoni bila kulisuuza, na tangu malalamiko ya kwanza alikuwa akilisuuza zaidi. Mtoto wa watu anasafiri na mafuta yake, halafu yana uchafu, na wakati huohuo yeye, mama mkwe, hana hata mdomo wa kumwomba radhi. Aliteka maji. Aliosha kila dumu kwa sabuni, akatikisa, akamwaga, akasuuza, akasuuza tena, akajaza maji hata kwenye mkono wa dumu ulio wazi ndani, mahali ambapo mchanga hujificha. Kisha akayafunga vifuniko palepale, kabla upepo haujaingiza vumbi. Gari lilipofika, madumu yalikuwa yamepangwa mstari, yanametameta.

Hawa alimwona kwa mbali, ameinama juu ya beseni. Alikuwa amemwona mama yake akiosha madumu tangu utotoni. Hakuliona hilo zaidi ya unavyouona ukuta wa nyumba yako.

*

Alhamisi bahari ilikuwa na hasira. Mashine ilikwenda vizuri mpaka mlangoni mwa mto, ikapungua nguvu, ikakohoa, ikazima. Rajabu hakuwahi hata kuishika kamba. Wimbi liliinyanyua boti ubavu na kuitupa juu ya fungu, maji yakaingia, na kisanduku cha chanjo kikamponyoka sista Magreth. Aliruka kukifuata. Mwanamke asiyejua kuogelea aliruka ndani ya maji ya kifuani, akakikamata kisanduku kwa mikono yote miwili, akasimama pale akipigwa na mawimbi, kilemba kimeondoka na maji, akipiga kelele za hasira wala si za woga.

Wakamvuta juu. Hakuna aliyeumia. Kisanduku kilikuwa kimefunguka kona moja, na maji ya chumvi yameingia.

Rajabu aliifungua filta. Akaomba chupa tupu ya maji ya kunywa, akamiminia humo. Kila mtu aliona. Chupa ilijaa kitu cheupe karibu mpaka shingoni, na juu yake ukakaa utando mwembamba wa kijani.

Sista Magreth aliichukua, akainusa. "Haya unayanunua wapi?"

Rajabu alitazama mchanga. Abiria nao wakatazama mchanga. Yule mama wa mchele, ambaye siku zote ana la kusema, safari hii alijifunika ushungi.

"Sawa," alisema nesi. "Usiniambie. Lakini mimi nimemaliza."

Aliyekuja kuwavuta alikuwa Kassimu. Alipunguza mwendo, akasimama wima nyuma ya boti yake ili aonekane vizuri. "Mkwe wa kijiji!" aliita. "Rusha kamba! Leo mama mkwe amekupikia supu?"

Walivutwa mpaka Msimbati, mbele ya ufukwe uliojaa watu wanaonunua samaki. Njia nzima Rajabu alikaa na chupa katikati ya miguu.

*

Alifanya jambo ambalo halifanyiki. Alivuka uwanja mchana kweupe, akaiweka chupa kwenye kizingiti cha mama mkwe, akageuka. Kisha akarudi ufukweni, akaifungua mashine, akaibeba begani mpaka nyumbani, akailaza juu ya gunia mbele ya mlango. Hawa alimkuta anakunja nguo.

"Rajabu."

"Usiseme kitu."

"Rajabu, mtoto..."

"Nimesema usiseme. Kazi imekwenda. Leo karibu nimuue mtu. Bodaboda itakuja kuchukua mashine kabla ya alasiri."

Kivuli kikapita mlangoni. Bi Mwajuma alikuwa amesimama upande wao wa uwanja, chupa mkononi, kanga ameitanda mpaka machoni. Katika miaka yote ya ndoa ile hakuwahi kuingia pale Rajabu akiwapo. Rajabu akatoka, akawapa mgongo, akashika spana kana kwamba ana kazi.

Bi Mwajuma aliugeuzia uso ukuta wa jiko. "Hawa, muulize mumeo, chupa hii ameiweka mlangoni kwangu kwa sababu gani?"

Walikuwa hatua chache kutoka kila mmoja kwa mwenzake. Rajabu alisikia kila neno. Lakini alingoja.

"Mama anauliza kuhusu chupa," alisema Hawa.

"Mwambie mama hayo ndiyo maji anayoniuzia kwa bei ya petroli."

Hawa akamgeukia mama yake. Mdomo ukafunguka, ukasema ulichozoea kusema. "Mama, anasema... mafuta yamekuwa na uchafu."

Kuku alipita katikati yao.

"Sikusema uchafu," alisema Rajabu.

"Hakusema uchafu," alisema Bi Mwajuma. "Nimemsikia. Mimi si kiziwi."

Wote wawili walikuwa wamemgeukia Hawa. Kanga ilikuwa imeshuka kutoka kwenye uso wa mama, na hakuna aliyeliona hilo.

"Siku ile ya kwanza alikutuma useme nini?" aliuliza Bi Mwajuma.

"Mama..."

"Neno gani?"

"Maji."

"Na baada ya Idi?"

"Maji."

"Na Jumatatu hii?"

Jumatatu hii Hawa hakutumwa na mtu.

Bi Mwajuma alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya kibao cha mbuzi, nazi nusu ikiwa bado pembeni. Alizungumza taratibu, kama mtu anayehesabu. "Uchafu huoshwa, Hawa. Uliponiambia uchafu, nikaosha. Uliporudi tena, nikaongeza kuosha. Jumatatu nimeosha mpaka vidole vimechubuka. Hata mkono wa dumu nimeujaza maji nikautikisa."

"Ulikausha?" aliuliza Rajabu.

Lilikuwa swali la fundi, na lilimtoka kabla hajakumbuka anayemuuliza ni nani. Bi Mwajuma naye alijibu kabla hajakumbuka.

"Nani anakausha dumu? Nafunika palepale, mchanga usiingie."

Rajabu akaiweka spana chini. Aliona madumu yote yale, moja baada ya jingine, kila moja na bakuli lake la maji yaliyojificha, na mwanamke huyu ameyainamia kwa ajili yake yeye, Rajabu. Alikuwa na hamu ya kucheka na hamu ya kumpiga mtu, na hakujua aanze na ipi.

"Kwa hiyo," alisema Bi Mwajuma, "muda wote huo alidhani namwibia."

Hawa alifungua mdomo. Mama yake akanyanyua mkono kumzuia. "Wewe nyamaza. Nimemuuliza yeye."

Rajabu alitazama chini. "Nilidhani hivyo, mama."

"Na chakula changu ulikuwa unakula."

"Nilikuwa nakula."

"Haya." Aliamka, akajipangusa machicha ya nazi. "Kesho nitakwenda zahanati. Nitamwambia yule nesi maji yalikuwa yangu, si ya mashine yako."

"Watu watasema, mama."

"Wanasema tayari. Na wewe ulikuwa mmoja wao." Alifika ukingoni mwa uwanja, akasimama. "Kama bado unakwenda Mpapura, nenda sasa hivi, jua linawaka, watu wakuone unaondoka kwa miguu yako. Usinitoroke alfajiri, wakasema nimekufukuza."

*

Bodaboda ilikuja, ikapiga honi. Rajabu alitoka akazungumza na dereva, dereva akaondoka bila mzigo, lakini hilo Hawa hakujua maana yake. Mashine ilikuwa bado juu ya gunia na nguo bado zimekunjwa.

"Ile ya kikombe," aliuliza Rajabu aliporudi, "ilikuwa imekwisha kweli?"

"Ilikuwepo."

"Kwa nini?"

"Sikutaka watu wamwone mama kupitia pale."

"Na mimi nilipokuwa kwenye fungu la mchanga, watu walimwona nani?"

Rajabu alimtazama kwa muda, uso mgumu, kisha akachukua dumu tupu lililokuwa nyuma ya nyumba. Hawa alinyoosha mkono kulipokea, kama siku zote. Rajabu hakumpa. Alimpita ubavuni, akavuka uwanja, akasimama mlangoni kwa mama mkwe. Hawa alimsikia akibisha hodi. Hodi ile ilikuwa ndogo, ya mtu anayetegemea kukataliwa.

Akaingia.

Hawa alisimama pale akiwa hana kitu mikononi. Sauti mbili zilimfikia, moja nzito, moja kali, lakini maneno hayakufika. Alijaribu kusogea, akaona aibu, akarudi. Akaosha vikombe vilivyokuwa safi. Akamfunika mtoto, akamfunua. Mara sauti kali ilipanda juu, ikasema kitu kirefu, na ile nzito ikajibu kwa ufupi. Huenda anaagwa. Huenda anatukanwa. Tangu aolewe hakuna neno lililopita kati ya watu hawa wawili bila yeye kulishika, na sasa yalikuwa yanapita mengi, moja juu ya jingine, na yeye hajui hata moja.

Kisha kikasikika kitu kikimwagwa. Kikatikiswa. Kikamwagwa tena. Harufu ya petroli ikavuka uwanja.

Rajabu alitoka na dumu lililojaa, shati limelowa upande mmoja. Alilitua kando ya mashine. "Dumu husuuzwa kwa petroli," alisema, akimwambia mkewe bila kumtazama. "Lita moja inatosha madumu yote. Halafu linaachwa juani limefunguliwa. Amesema nilipaswa kumwambia zamani. Nimemwambia nilimwambia zamani." Alipiga goti, akashika mashine upande wa propela. "Njoo ushike huku."

"Tunaipeleka wapi?"

Rajabu alimtazama sasa, na uso wake ulikuwa bado haujalainika.

"Ufukweni. Ulidhani wapi?"

Hawa aliinama, akashika. Mashine ilikuwa nzito na ya moto kwa jua. Walikuwa wameinyanyua nusu tu wakati sauti ya Bi Mwajuma ilipopasua uwanja kutoka mlangoni kwake.

"Rajabu! Umeacha kifuniko cha dumu!"

Hawa alikuwa ameshaachia upande wake ili akimbilie.

"Shika mashine," alisema mumewe. Akaigeuza shingo kuelekea ng'ambo ya uwanja, akavuta pumzi, na akajibu mwenyewe, kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani:

"Nakuja, mama!"